Mjamzito, nyungu na "changamoto ya upumuaji": tuliyoyaona Kigoma 2021 tuyaseme

#1 Bint Ujiji

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo hili nimelikalia miaka minne.

Juzi nilimsindikiza jirani kliniki. Kwenye benchi walikaa mama wawili wanamwongelea mwenzao ambaye hakufika siku hiyo. Ana mimba ya miezi saba, mafua yamembana, kifua kimekaza, na mama mkwe anamfukiza nyungu asubuhi na jioni. Walikuwa wanamsifia huyo mama mkwe kwa kujali. Mwili ulinisisimka. Jirani aliniuliza kitu, sikumsikia.

Februari 2021 tulikuwa tunaishi nyumba moja na mke wa kaka yangu, Ujiji. Mimba yake ya pili, wiki 31 kwa kadi ya kliniki. Kama mnakumbuka, wakati ule takwimu zilikuwa hazitolewi tena. Za mwisho zilikuwa za mwanzoni mwa Mei 2020, wagonjwa 509 na vifo 21. Misibani tulikuwa tunasema marehemu alipata "changamoto ya upumuaji". Neno korona mtu alilitamka akiwa ameangalia pembeni.

Wifi alianza na mafua, kichwa na kuumwa mgongo. Siku ya pili nilikuwa napika mboga kwa mawese mapya, nyumba nzima inanukia hadi uani. Yeye amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, hatua mbili kutoka kwenye sufuria, ananiuliza, "Wifi, mbona hujaweka mafuta?" Nikadhani usingizi. Nikampelekea kijiko karibu na pua. Hakusikia harufu yoyote.

Kwenye kituo kimoja cha karibu walimtoa damu, malaria hakuna. Wakampa dawa ya malaria hivyo hivyo, na panadol. Hakuna aliyemhesabia pumzi wala kumpima chochote kidoleni.

Tukamfukiza. Mkaratusi, mchaichai, mwarobaini, maganda ya limao, tangawizi iliyopondwa. Mama aliandaa, mimi ndiye niliyeshika blanketi. Nilishika kingo zote mbili ili mvuke usitoke, yeye yuko ndani na tumbo lake, na kila alipotaka kutoa kichwa nilimwambia vumilia kidogo, bado kidogo. Mara tatu kwa siku, siku tatu. Siku ya tatu, ndani ya blanketi, nikahisi uzito umeniangukia magotini. Alikuwa amezimia.

Alipozinduka alikuwa anasema maneno mawili, anavuta pumzi, anasema mengine mawili. Kucha zilikuwa na rangi kama ya wino uliofifia. Tukachukua bajaji, mvua inanyesha. Hospitalini nesi akambana kidole na kale kamashine kadogo ka kupima oksijeni, kakasoma 83. Akakatoa, akakifuta kidole, akakabana kidole kingine. 82. Kisha akatembea kwa haraka, na nesi akitembea vile unajua.

Presha ilikuwa 160 kwa 110, mkojo una protini. Wakamweka kwenye oksijeni, wakamchoma sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na siku chache baadaye wakampasua. Mtoto wa kike, kilo 1 na gramu 600. Wote wawili wako hai, namshukuru Mungu. Mtoto sasa ana miaka minne, ana mbio kuliko kaka yake. Wifi mwenyewe bado anakunywa dawa ya presha, na kupanda mlima wa kutoka sokoni na ndoo kichwani hawezi tena.

Lakini kitanda cha pembeni alikuwepo dada aliyeletwa kwa boti kutoka vijiji vya ziwani. Alifika mtoto ameshafia tumboni, na yeye hakumaliza siku mbili. Mama yake alizikunja khanga mbili mpya walizonunua kwa ajili ya mtoto, akaziweka kwenye beseni, akaweka na sabuni ambayo haijafunguliwa, akasubiri gari. Ndugu waliambiwa ni kifafa cha mimba. Inawezekana. Lakini alikuwa anakohoa kama wifi yangu, na anahema kama wifi yangu.

Nauliza walioko kwenye afya, na waliopitia. Huu ugonjwa unamfanya nini mwanamke mwenye mimba? Na nyungu tunazowafukiza, zina madhara au ni mimi ninajilaumu bure?

#2 Reli ya Kati

Pole sana dada. Hiyo ya khanga kwenye beseni imenishika koo. Naweka kambi hapa.

#3 Mzee wa Gungu

Binti yangu, pole kwa yaliyowapata. Ila mimi nitasema tofauti. Nyungu tumefukizwa tangu kwa babu zetu, hata kabla ya kujua hospitali. Mwaka 2020 mtaa wetu wote tulijifukiza, tukaomba, tukapona. Vijana mnasoma mambo mtandaoni kisha mnawaona wazee wenu wauaji. Mjamzito kuumwa ni bahati ya mtu, wapo waliokufa wakijifungua hata kabla korona haijaja. Usimlaumu mama yako, na usijilaumu wewe.

#4 Mkunga wa Ziwani

Mzee wangu shikamoo. Bint Ujiji, pole mdogo wangu.

Mimi ni mkunga, zahanati ya ukanda wa kusini mwa ziwa, wilaya ya Uvinza. Kijiji sitaji kwa sababu wagonjwa wangu wanajulikana. Nitajibu kwa urefu.

Mwanamke akiwa na mimba, mwili wake unatumia oksijeni zaidi ya kawaida, kama asilimia 20 hivi. Wakati huohuo mfuko wa uzazi unakua na kukisukuma juu kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Mapafu yanabaki na akiba ndogo. Ndiyo maana mjamzito mzima kabisa akipanda kilima anahema. Sasa lete virusi vinavyojaza mapafu majimaji. Mtu asiye na mimba anaweza kuvumilia siku nne tano kabla hajaishiwa. Mjamzito akiba yake inaisha upesi, na mnamwona yuko sawa asubuhi, jioni hali imegeuka.

La pili ni damu. Mimba yenyewe inaifanya damu igande kwa wepesi, ni maandalizi ya mwili ili mama asipoteze damu nyingi akijifungua. Korona nayo inagandisha damu. Vikikutana viwili hivyo, bonge la damu linaweza kwenda kwenye mapafu. Waliolazwa sehemu zenye uwezo walikuwa wanachomwa sindano ya kuzuia kuganda, ile ya chini ya ngozi ya tumbo.

La tatu ni presha. Hapa, Bint Ujiji, ulichokiona kwa wifi yako hakikuwa magonjwa mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Korona inaumiza kuta za mishipa ya damu, na kifafa cha mimba nacho kinaanzia hukohuko. Wajawazito walioambukizwa walipata presha ya mimba zaidi ya wenzao. Kwa hiyo yule dada wa kitanda cha pembeni anaweza kweli kuwa alikuwa na kifafa cha mimba, na bado kilichomsukuma huko kikawa korona. Kwenye daftari linaandikwa moja.

Na kondo la nyuma. Mara nyingi virusi havivuki kwenda kwa mtoto, hilo liwape moyo akina mama. Ila kuna wachache ambao kondo lenyewe linashambuliwa, linakakamaa, mtoto anakosa chakula na hewa. Wakati wa kirusi cha Delta, mwaka 2021, ndipo yalionekana zaidi.

Kuhusu nyungu, mzee wangu, sikatai kwamba mvuke unafungua pua. Lakini haufiki kwenye mapafu kuua virusi. Kwa mjamzito una mambo yake. Joto kali miezi mitatu ya mwanzo linaweza kudhuru ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vikiwa vinajengeka. Baadaye, anatoka jasho jingi, maji yanapungua mwilini, presha inashuka ghafla, anazimia, kama alivyozimia huyu. Nimepokea mama mwenye mapaja yaliyoungua, sufuria lilimpindukia akiwa ndani ya blanketi. Halafu anayekaa humo ndani ni mtu anayepungukiwa hewa, na sisi tunamfunika.

Kubwa kuliko yote ni zile siku tatu. Siku tatu za nyungu ni siku tatu ambazo hakuna aliyempima oksijeni.

#5 Bint Ujiji

Dada mkunga, nimesoma mara mbili. Hapo kwenye siku tatu nimelia. Asante.

Babu wa Gungu, shikamoo. Mama yangu simlaumu. Alifanya alichojua, kwa mapenzi, na alikesha kuliko sisi wote. Ninachotaka mama mwingine asifanye kwa kutojua.

#6 Kijana wa Kasulu

Samahani naingilia. Naandika nikiwa na wasiwasi. Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na nusu. Ana siku nne anaumwa kichwa, homa, kikohozi kikavu. Jana tumepima malaria, hana. Leo asubuhi kaniambia chai haina ladha. Mama yangu yuko hapa, tayari kachemsha majani. Nimfanyeje? Korona si iliisha?

#7 Mkunga wa Ziwani

Kaka, haikuisha. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini kirusi bado kinazunguka. Siku hizi wengi wanapata nyepesi kwa sababu miili imeshakutana nacho au imechanjwa. Kwa mjamzito sibahatishi.

Fanya hivi sasa hivi. Mkalishe, atulie kama dakika tano. Usimwambie unamhesabia, maana mtu akijua anabadilisha pumzi. Shika simu kama unaangalia saa, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima, siyo nusu ukazidisha mara mbili. Ikifika 24 kwenda juu, nenda kituoni leo. Ikifika 30, hiyo ni dharura, nenda sasa hivi na usingoje kupambazuka. Mwambie aseme sentensi ndefu, kama majina ya watoto wa dada zake wote. Akikatika katikati kutafuta hewa, nenda. Midomo au kucha kubadilika rangi, kifua kubana, kuchanganyikiwa, kichwa kinachopasuka na macho kuona vimulimuli, mtoto kupunguza kucheza, damu au maji kutoka: lolote kati ya haya, nenda.

Hata kama hana hata moja kati ya hayo, mpeleke leo apimwe oksijeni, presha na mkojo. Kituoni usiseme "ana mafua". Sema: "Ana mimba, anakohoa, hasikii ladha, malaria hana, naomba apimwe oksijeni." Kwa mjamzito hatutaki namba ishuke chini ya 92, na ikiwa 94 tayari namwangalia kwa karibu.

Kama ana hina au rangi ya kucha, atoe angalau kidole kimoja kisicho na kitu, maana kale kamashine kanasoma kwa mwanga na rangi inakachanganya. Vidole baridi navyo visuguliwe kwanza. Na kitu ambacho wengi hawaambiwi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwishoni mwa 2020 ulionyesha vipimo hivi mara nyingine vinasoma juu kuliko ukweli kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kwa hiyo namba nzuri pamoja na mama anayehema, mimi naamini mama.

Majani ya mama yasimwagwe, akipenda anywe mchaichai kama chai. Blanketi aliweke pembeni. Panadol kwa homa, maji mengi, alalie ubavu. Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofen na diclofenac asinywe bila kuambiwa, mimba haizitaki. Dawa zake za kuongeza damu na SP za kliniki, zile za kumkinga na malaria, aendelee nazo.

#8 Kijana wa Kasulu

Nimehesabu 22. Sentensi kaimaliza lakini kakohoa mwishoni. Natafuta bodaboda, hapana, bajaji. Nitarudi.

#9 Tabibu wa Tabora

Nimefuata uzi kimya kimya, ila babu wa Gungu aliposema ni bahati ya mtu nimeona nichangie, kwa heshima zote babu.

Bahati ya mtu mmoja haipimiki, ya maelfu inapimika. Mwezi Novemba 2020 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilitoa hesabu ya wanawake wa umri wa kuzaa kama 400,000 waliougua korona yenye dalili, na zaidi ya 23,000 kati yao walikuwa wajawazito. Walioingia chumba cha wagonjwa mahututi ni 10.5 kwa kila 1,000 kwa wajawazito, na 3.9 kwa wasio na mimba. Umri uleule, ugonjwa uleule.

Mwaka 2021 ukatoka utafiti wa nchi 18, wanawake zaidi ya 2,100, wenye korona wakilinganishwa na wasio nayo waliokuwa hospitali zilezile. Uwezekano wa kupata presha ya mimba ulipanda kwa asilimia 76, na wa kuzaa njiti kwa asilimia 59. Wifi wa mleta uzi alipata vyote viwili.

Mtasema hizo ni za ng'ambo. Mwaka 2022 ulitoka wa kwetu Waafrika: Kongo, Uganda, Kenya, Ghana, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake 1,315 waliolazwa. Miongoni mwa wenye korona, mjamzito alikuwa na hatari ya kufa mara mbili ya asiye na mimba. Na mjamzito mwenye korona ukimlinganisha na mjamzito aliyelazwa bila korona, hatari ilikuwa zaidi ya mara tano. Kongo, wakuu. Ukisimama Kibirizi, hapo Kigoma, jioni hewa ikiwa safi milima yake unaiona.

Kuna hesabu moja inayoniuma zaidi, ya watoto. CDC walipitia wazazi zaidi ya milioni 1.2 waliojifungulia hospitalini Marekani kati ya Machi 2020 na Septemba 2021. Waliozaa mtoto mfu walikuwa asilimia 0.64 kwa wasio na korona, asilimia 1.26 kwa waliokuwa nayo. Kipindi cha Delta hatari ikawa kama mara nne. Hao ni watu wenye oksijeni ukutani kila chumba. Wa kwetu aliyetoka kijijini usiku kwa mtumbwi hakuhesabiwa popote.

#10 Mama Tumbaku, Urambo

Mimi si mtaalamu, nimepitia tu.

Chanjo zilipokuja, Rais Samia alipozindua pale Dar tarehe 28 Julai 2021, mimi nilikuwa na mimba ya miezi minne. Kwetu maneno yalikuwa mengi: ukichanja unakuwa tasa, mtoto anazaliwa na kasoro, chanjo imeletwa kutupunguza. Dada yangu mwenyewe alinipigia simu analia, ananiambia nikichanja nisimwite kwenye arobaini ya mtoto.

Nilimwambia daktari wazi kwamba naogopa. Hakunicheka. Akaniambia ukweli: majaribio makubwa ya mwanzo hayakuchukua wajawazito, ndiyo maana watu wana maswali, lakini tangu hapo wajawazito wengi nchi nyingine wameshachanjwa na kufuatiliwa, na mimba hazikuharibika zaidi ya kawaida. Akaniambia chanjo haina kirusi kinachoweza kunipa korona. Akaniacha nikafikiri wiki mbili.

Nilichanja ile ya sindano moja. Mkono uliuma, usiku nikawa na homa nikanywa panadol, kesho yake nikaenda kupanga majani ya tumbaku. Nilijifungua salama. Na baada ya hapo nimezaa mwingine, kwa hiyo huo utasa sijauona. Dada yangu alikuja kwenye arobaini zote mbili.

Nawaambia wadada: kama una hofu ibebe, nenda nayo kwa daktari, muulize. Mimi ningekaa nayo nyumbani ningesikiliza simu ya dada tu.

#11 Mzee wa Gungu

Wanangu, nimesoma yote. Namba za Tabibu nimezisoma kwa miwani, taratibu.

Sikutaka kusema, nitasema. Nina mkwe, mke wa mwanangu wa tatu, mwaka huo wa 2021 mimba ilitoka ya miezi sita. Alikuwa na kikohozi. Tulisema amebeba ndoo nzito. Mpaka leo mke wangu humwambia, "Ungesikia nilivyokukataza zile ndoo." Sasa nawaza tumemsingizia binti wa watu miaka yote hii. Mkunga, inaweza kuwa?

#12 Mkunga wa Ziwani

Babu, siwezi kusema ndiyo kwa mtu ambaye sikumpima. Mimba hutoka kwa mengi: malaria, maambukizi mengine, presha, na mara nyingi hatupati sababu kabisa. Inaweza kuwa. Ndoo peke yake, kusema kweli, ni vigumu. Ukimwambia mkwe wako hivyo kwa mdomo wako mwenyewe, babu, utakuwa umemtua mzigo.

#13 Nahodha wa Kusini

Nami niseme la usafiri, maana ndiyo kazi yangu. Mimi naendesha boti ya injini huku kusini mwa ziwa. Watu wa mjini hawaelewi: kuna vijiji gari haifiki mvua ikinyesha, barabara ni maji. Mgonjwa tunambeba sisi.

Mwaka huo nilibeba wajawazito watatu wanaohema ndani ya mwezi mmoja. Mmoja tuliondoka saa tano usiku, upepo umeshika, mawimbi yanaingia ndani. Kijijini walimlaza chali kwenye godoro, nikaona anazidi kukosa hewa. Mkunga aliyekuwa naye akasema ainuliwe, aegemezwe upande wa kushoto. Mume wake akakaa nyuma yake, akawa ndiye mto, saa sita nzima hakusogea, miguu ikamfa ganzi tukamshusha kwa kumbeba. Mtungi wa oksijeni haukuwepo. Tulichokuwa nacho ni taa ya karabai na simu zisizo na mtandao mpaka ukaribie mjini. Yule mama alipona.

Siku hizi kuna namba ya dharura ya m-mama, 115, haina makato, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Wanatafuta gari, na huku kwetu boti, na aliyesafirisha analipwa. Nimeshaitwa. Andikeni hiyo namba ukutani na mkaa kama mimi, siyo kwenye simu peke yake, simu huzima chaji.

#14 Mama Pacha

Naomba kuuliza upesi. Mama aliyejifungua ana korona anyonyeshe? Mdogo wangu aliambiwa akae mbali na mtoto wiki mbili, maziwa yakakauka.

#15 Mkunga wa Ziwani

Anyonyeshe. Ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza tangu 2020. Avae barakoa, anawe mikono kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kumshika, basi. Maziwa hayajaonekana kuwa njia ya kumwambukiza mtoto, na yana kinga anayomrithisha. Mtoto njiti ndiyo kabisa, akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, hata mama akiwa ametoka kuumwa. Kama mama amezidiwa, akamuliwe, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Kuwatenganisha kuliwaumiza watoto wengi wadogo.

#16 Bint Ujiji

Dada, wifi alikaa naye kifuani wiki tano, amefungwa na khanga. Mashine ya oksijeni ubavuni, mtoto kifuani. Tulikuwa tunapokezana, yeye akichoka nafungwa mimi. Alikuwa mwepesi kama furushi la dagaa, unasikia moyo wake unapiga kwenye mfupa wako.

Nimeenda leo tena pale kliniki. Nimemuulizia yule mjamzito wa benchi. Wameniambia anakaa mtaa wa tatu kutoka kwangu. Nimemkuta amekaa kitandani, mama mkwe wake ananikaribisha, sufuria liko kwenye mafiga. Sikusema neno baya. Nilimwambia mama yule, shikamoo mama, mimi nilishika blanketi kama hilo mwaka 2021, naomba nikusimulie. Akakaa chini. Tulipomaliza aliingia ndani akavaa ushungi, akasema twendeni naye. Wamemlaza, oksijeni ilikuwa 91.

Kijana wa Kasulu, uko wapi? Tunakusubiri.

#17 Kijana wa Kasulu

Nipo dada, samahani, simu ilizima.

Nilisema vile vile alivyoniandikia mkunga, neno kwa neno. Yule nesi kaniangalia, kachukua kamashine. Imesoma 95. Presha 118 kwa 72, mkojo safi, moyo wa mtoto wameusikiliza, unapiga vizuri. Wamempima kile kipimo cha haraka cha puani, korona ipo. Wameturuhusu kwa masharti: arudi kesho asubuhi apimwe tena, na wamenionyesha namna ya kuhesabu pumzi, nikawaambia najua.

Mama amelichukua blanketi akalianua, akamfunika nalo miguu. Yeye amekaa hapa mlangoni na barakoa ya kitambaa, ananisomea saa mimi nahesabu. Saa nne ilikuwa 22. Sasa hivi 21. Tutahesabu tena saa nane.